Uulize mdeki: gobore lililoshindiliwa mara mbili, namna ya kuliepuka na namna ya kulitoa mzigo

Mwezi wa kumi mwaka juzi nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha huku Pennsylvania, nikijiandaa kwa msimu wa kuwinda kwa bunduki za gumegume. Nilikwisha kumimina baruti mtutuni na kuweka kipimo mezani, ndipo kaka mmoja wa Bukavu niliyekuja naye akauliza kama chai bado ipo kwenye chupa. Nikamjibu ipo, nikamtilia, nikarudi kwenye bunduki. Nikachukua kipimo, nikamimina baruti. Kitambaa, risasi, mdeki. Mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ulipogota nikaona alama niliyoichora juu yake imesimama vidole viwili juu ya mdomo wa mtutu.

"Ndugu, kuko nini?" akaniuliza, maana nilikuwa nimeganda.

"Nimetia baruti mara mbili."

"Una hakika?"

Mimi sikuwa na hakika hata kidogo. Ukinishikia Msahafu ningesema nimemimina mara moja tu. Aliyejua ni mdeki. Tangu siku ile kila ninayemfundisha namwanzishia hapo: kichwa chako si shahidi. Shahidi ni kile kijiti kirefu kilichochomekwa chini ya mtutu.

Mwongozo huu ni wa wenye kibali na walio mahali ambapo bunduki hizi zinaruhusiwa, kwa uwindaji au kwa shabaha. Waliorithi gobore lililosahaulika darini nitawageukia mwishoni, na jambo lao ni jingine kabisa.

Kwanza majina. Hatuna haja ya kukopa mengi, kwa sababu silaha hizi zilifika pwani na bara zamani na Kiswahili kikazipa msamiati wake. Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mdeki ni fimbo ya kushindilia. Ya mrao huwashwa kwa utambi unaowaka. Ya gumegume hupigwa kwa jiwe linalotoa cheche juu ya kisahani chenye baruti kidogo, na moto hupita kwenye tundu dogo ubavuni hadi ndani. Ya fataki huvikwa kikofia cha shaba juu ya chuchu yenye tundu. Ziko pia za kisasa ambazo nyuma ya mtutu zina kizibo cha kufungua kwa spana. Nikisema "mzigo" nina maana ya baruti pamoja na risasi yake.

Inavyotokea

Wengi hudhani kushindilia mara mbili ni kosa la wajinga. Baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Julai 1863, ambako si mbali na hapa ninapoishi, ziliokotwa uwanjani bunduki zaidi ya 27,000. Takriban 24,000 zilikuwa bado zina mzigo. Karibu nusu ya hizo zilikuwa na mizigo miwili, robo zilikuwa na mitatu hadi kumi, na moja ilikutwa na mizigo 23 iliyopangana kama samaki kwenye pakacha. Wale walikuwa askari waliofundishwa kushindilia kwa hesabu, hatua kwa hatua, hadi mikono ijiendee yenyewe. Tatizo ni kwamba mikono iliyojiendea haisikilizi. Katika kishindo kile bunduki ya jirani ikilia unadhani ni yako. Umesahau fataki, au fataki imelia bila kuwasha ndani, na wewe unateremsha bunduki na kushindilia tena.

Sisi hatuna vita, ila milango ya kosa ni ileile. Ya kwanza ni mazungumzo. Ya pili ni bunduki kutolia. Ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi, nayo ni kurudi nyumbani na mzigo. Majimbo kadhaa ya Marekani huihesabu bunduki ya namna hii kuwa tupu kisheria ukishaondoa fataki, au ukishafuta baruti kwenye kisahani. Kwa hiyo mwindaji aliyekosa kulungu siku nzima hufuta kisahani, huweka bunduki garini, na kesho hutoka nayo tena. Sheria inasema tupu, mtutu unasema umejaa. Zikipita wiki mbili, mwenyewe naye anaamini sheria.

Madhara hayafanani. Baruti mara mbili na risasi moja itakupiga teke la bega na kuikaza bunduki kupita ilivyoundwa. Bunduki imara huenda ikavumilia, kuukuu huenda isivumilie. Risasi mbili ni mbaya zaidi. Mbaya kuliko zote ni risasi iliyokwama katikati ya mtutu na nafasi kati yake na baruti. Hapo haikai kama mzigo, inakaa kama kizuizi, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka pale mkono wako wa mbele ulipo.

Alama mbili mdekini

Hii ndiyo kazi kubwa ya mwongozo wote, na huchukua robo saa. Ifanye nyumbani, baruti ikiwa chumba kingine.

Hakikisha bunduki ni tupu kweli. Kama hujui, usianze hapa, nenda kwanza kwenye sehemu ya kutoa mzigo. Ondoa fataki au fungua kisahani na ukifute. Kisha teremsha mdeki taratibu hadi ugote. Mtutu mtupu ukigotwa na ncha ya shaba hutoa mlio mkavu wa chuma kwa chuma, "ting". Ukiwa na mzigo husema "dup", kama unayegonga gunia. Sikiliza milio hiyo mara kadhaa hadi uizoee, kwa sababu siku moja utakuwa gizani alfajiri na alama hutaiona.

Mdeki ukiwa umegota chini, chora mstari mdekini sawasawa na mdomo wa mtutu. Mimi huukwaruza kwa kisu kuzunguka mti wote kisha naujaza wino, kwa kuwa wino peke yake hufutika kwa mafuta ya mikononi. Huo ni mstari wa TUPU.

Mstari wa pili utauchora uwanjani. Shindilia mzigo wako wa kawaida, ukandamize vizuri, na kabla ya kutia fataki au baruti ya kisahani chora mstari mwingine mdomoni pale. Huo ni wa MZIGO MMOJA. Kwa mtutu wa kaliba .50, yaani upana wa nusu inchi, greni 70 za baruti (greni ni kipimo kidogo cha uzito) na risasi ya duara yenye kitambaa huchukua karibu sentimita 5, kwa hiyo mistari hiyo miwili itaachana upana wa vidole vitatu hivi. Mstari wa pili ukisimama juu ya mdomo wa mtutu, ndani mna zaidi ya mzigo mmoja, au risasi imeishia njiani. Kwa vyovyote vile, hakuna kufyatua.

Alama ni ya bunduki moja na kipimo kimoja. Ukibadili greni au aina ya risasi, chora upya. Na usiuazime mdeki wa mwenzio. Nimeona watu wawili wamebadilishana bila kujua na wote wakashangaa mchana kutwa.

Mpango wa kushindilia

Kila mtu ana utaratibu wake, na sitagombana na yeyote mradi fataki au baruti ya kisahani ije mwisho kabisa. Wangu ni huu.

1. Kabla ya mzigo wa kwanza wa siku, nateremsha mdeki. Hata kama nimeisafisha bunduki mwenyewe jana usiku. Natazama mstari wa TUPU, nasikiliza "ting".

2. Baruti huwa nimeipima nyumbani na kuitia kwenye vichupa vidogo, kila kichupa mzigo mmoja. Kikiwa wazi na kitupu, baruti imeshaingia, sina haja ya kukumbuka. Siku ile ya chai sikuwa na vichupa. Nilikuwa napima kwa kipimo kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti, na kipimo kitupu hakisemi kama kimemiminwa au hakijajazwa. Kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe hadi mtutuni: kaa la moto lililobaki ndani linaweza kuiwasha pembe nzima mkononi mwako. Na baruti iwe nyeusi au mbadala wake uliotengenezwa kwa bunduki hizi. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, isiingie mle hata chembe.

3. Risasi na vitambaa vyake navipanga kwenye ubao wenye matundu sita. Tundu likiwa wazi, risasi imeingia. Vichupa vitupu na matundu wazi vikitofautiana idadi, nasimama hapohapo.

4. Nashindilia hadi risasi ikae juu ya baruti. Nashika mdeki kwa vidole, karibu na mdomo, nikisukuma kidogo kidogo. Ukiukamata juu kwa kiganja, mti ukivunjika utakutoboa.

5. Natazama mstari wa MZIGO MMOJA.

6. Mdeki narudisha mahali pake. Kisha fataki, au baruti ya kisahani.

Mtu akinisemesha kati ya namba 2 na 5, simjibu. Wanaonijua wameshazoea, wasionijua huniona nina kiburi. Kama ni lazima nijibu, nikirudi siendelei pale ninapodhani niliishia. Nateremsha mdeki upya, nausoma. Kuuliza si ujinga, hata unayemwuliza akiwa mti.

Isipolia

Umefyatua, pakawaka kwenye kisahani, kimya. Au fataki imesema "tap" na basi. Usiiteremshe. Mdomo wa mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, na usubiri angalau dakika 1 nzima. Mimi huhesabu mbili. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani na bunduki ikalia ukiwa umeshaanza kuichungulia.

Baada ya hapo safisha tundu la moto kwa sindano ya waya, ukisimama kando, tia baruti mpya ya kisahani au fataki mpya, jaribu tena. Jaribu mara mbili au tatu. Mzigo uliomo haujaenda kokote, kwa hiyo hakuna cha kushindilia. Hapa ndipo mikono hutaka kujiendea. Njia nyepesi ya kuizuia ni kufunika kichupa kinachofuata kwa kofia yako. Ukiikuta kofia juu ya baruti utauliza kwa nini iko pale.

Na kama bado haijalia, au mstari wa MZIGO MMOJA unasimama juu ya mdomo wa mtutu, sasa unatoa mzigo.

Kutoa mzigo

Usijaribu kuutoa kwa kuufyatua. Nimewasikia wazee wa uwanjani wakisema "mzigo mmoja na nusu hautaidhuru". Huenda. Wao hawatakushikia mtutu.

Kabla ya njia yoyote, kwanza ua chanzo cha moto. Fataki iondoke. Kwenye gumegume, fungua kisahani, ukifute kwa kitambaa chenye maji, na uliondoe jiwe au ulivike ngozi. Hakuna sigara wala mkaa karibu. Mdomo wa mtutu uelekee tuta la udongo, na tangu hapa hadi mwisho uso wako usipite mbele yake. Mikono hupita, kwa kuwa haina budi, lakini kwa ubavu na kwa muda mfupi.

*Kwa gesi.* Hii ndiyo njia ninayoipenda. Huuzwa kifaa kidogo chenye mtungi wa hewa ya ukaa, ule wa gramu 12, na ncha ya mpira unayoibana kwenye chuchu au kwenye tundu la moto. Ukikifungulia, gesi husukuma mzigo wote kutoka nyuma. Risasi hutoka kwa nguvu ya kumwumiza mtu, kwa hiyo tuta la udongo ni lazima. Baruti nayo hurushwa nje. Mwagia maji ilipoangukia. Mizigo miwili inaweza kuhitaji mitungi miwili. Baruti ikiwa imeganda na kuziba tundu, gesi haitapita.

*Kwa kizibo cha nyuma.* Kama bunduki yako ni ya kisasa na kizibo kiliundwa kifunguke, kwanza ilowanishe baruti kwa maji kupitia tundu la moto. Kisha fungua kizibo, mwaga baruti, na usukume risasi kwa mdeki kutokea nyuma kwenda mbele. Bunduki za kienyeji na za kizamani zina kizibo kilichokazwa kiwandani au na mhunzi. Hicho usikiguse.

*Kwa skrubu.* Hapa panahitaji subira, na hapa ndipo watu huumia.

Toa chuchu, au tumia tundu la moto, na kwa bomba la sindano ingiza maji hadi baruti ya chini ilowe. Mzigo wa juu una baruti yake iliyobanwa kati ya risasi mbili, ambayo maji ya nyuma huenda yasiifikie, basi mimina maji kwa mdomoni pia na uiache bunduki imesimama, mdomo juu, hadi kesho yake. Maji hupenya pembeni mwa kitambaa polepole. Hata baada ya kulala na maji, ichukulie baruti ile kuwa hai mpaka uione nje.

Tumia fimbo ya chuma yenye mpini, si mdeki wa mti. Skrubu ifungwe mwishoni ikiwa na pete ya shaba ya kuiweka katikati, la sivyo itaukwaruza mtutu na kuikosa risasi. Iteremshe, zungusha ukikandamiza, na utasikia inauma, maana madini ya risasi ni laini. Zungusha mara chache tu zinazotosha. Hutaki skrubu ipenye hadi upande wa pili. Kisha vuta kwa mnyoofu. Ikigoma, funga mpini wa fimbo kwenye jiliwa ya mezani na uvute bunduki badala ya fimbo, ukisimama ubavuni. Usigonge kwa nyundo.

Risasi ya kwanza ikitoka, inamisha mtutu na utoe tope la baruti, ongeza maji, usuuze. Sasa teremsha mdeki tena. Ukisimama kwenye mstari wa MZIGO MMOJA, nusu ya kazi imekwisha, rudia. Watu wengi huishia hapa kwa furaha ya risasi ya kwanza.

*Kwa grisi.* Skrubu ikishindikana, fundi wa bunduki anaweza kutoa chuchu, akafunga mahali pake kinywa cha grisi kama cha gari, na kupampu. Grisi husukuma kila kitu mbele polepole, bila mshindo wala cheche. Usafi wake ni adhabu, lakini sijaona njia tulivu kuliko hiyo. Ukimpelekea fundi, mpigie simu kwanza na umwambie mlangoni: ina mzigo, labda miwili. Usiitume kwa posta.

Kuna kosa dogo la jamaa moja na hili, la risasi iliyoshindiliwa bila baruti kabisa. Wengi hulitatua kwa kutia chembe chache za baruti laini kupitia tundu la moto na kufyatua kwenye tuta. Inafaa tu ikiwa una hakika ni risasi moja na mdeki umeonyesha imekaa chini kabisa. Kwa mizigo miwili njia hiyo haipo.

Mtutu ukishakuwa mtupu, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, uupake mafuta siku hiyohiyo, kwa kuwa baruti nyeusi na maji huleta kutu kabla hujamaliza chakula cha jioni. Halafu pitisha kitambaa kinachobana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikibana, kikalegea ghafla sehemu moja, kikabana tena, mtutu umevimba pale. Hiyo bunduki iende kwa fundi, isilie tena kabla hajaikagua.

Gobore la babu

Mara kwa mara mtu huniandikia kutoka nyumbani: babu amefariki, darini limekutwa gobore, afanyeje kulisafisha. Jibu langu ni fupi: usilisafishe. Baruti nyeusi ikikaa kavu haichoki. Januari 2013, wahifadhi wa Central Park, New York, walikuwa wakiondoa kutu kwenye mzinga wa karne ya 18, wakakuta ndani bado mna tufe na baruti ya gramu zipatazo 800, nzima. Mzinga ule ulikuwa umekaa miaka na watu wakipita karibu yake.

Gobore la darini halina mstari mdekini, aliyelishindilia hayupo, na mara nyingi lilitundikwa na mzigo wake ili liwe tayari kwa nguruwe wa shambani. Liache lilivyo, mdomo wake usielekee chumba cha mtu. Waondoe watoto, zima jiko lililo karibu. Tanzania na Kenya kumiliki silaha bila kibali ni kosa, hata iwe imetengenezwa na mhunzi wa kijijini kwa bomba la maji, kwa hiyo usilibebe kwenye bodaboda kwenda nalo kituoni. Tanguliza taarifa, kwa mtendaji wa kijiji au chifu na kwa polisi, useme limepatikana wapi na kwamba huenda lina mzigo, waje wao walichukue.

Yule kaka wa Bukavu sasa ana bunduki yake. Mistari yake ameichora kwa rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu na nyeupe, na inaonekana gizani kuliko yangu.